Kazi ya Maina

Ndugu yangu Wamalwa alilitamka neno lile mara ya kwanza akiwa na kiazi mdomoni. Labda ndiyo sababu sote tulilisikia vibaya.

Ilikuwa Pasaka ya mwaka wa sabini na tano. Alikuwa amerudi likizo kutoka chuo kikuu Nairobi, na tulikuwa chumbani kwa jirani yangu Achola pale Bondeni, tukila viazi vya Kuresoi vilivyochemshwa na maganda yake. Achola alimwuliza anasomea nini huko.

“Sheria,” Wamalwa alisema. “Lakini maina yangu ni haki za binadamu.”

“Maina yako?” Achola aliuliza. “Maina gani, huyu wetu wa bucha?”

Tulicheka mpaka chumvi ikamwagika. Wamalwa alimeza kiazi, akaeleza kwamba chuoni mtu ana somo kubwa, na kando yake ana somo dogo. Hilo dogo Wazungu huliita maina.

“Kwa hivyo haki za binadamu ni somo dogo,” alisema Truphosa, mama mzee aliyefanya kazi pamoja na Achola. “Sasa nimejua kwa nini hazijafika huku.”

Mimi sikusema kitu. Mimi si mtu wa kusema. Niliacha shule darasa la tano, baba alipokufa kazini reli na karo ikabaki ya mtoto mmoja, na mtoto huyo hakuwa mimi. Mwalimu wangu alikuwa amesema mwandiko wangu utanifikisha mbali. Ulinifikisha duka la Bhagwanti, la madaftari na kalamu, ambako nilifagia na kuandika vibandiko vya kwenye rafu.

Achola na Truphosa walishona magunia katika godauni moja karibu na reli. Walikuwa wanawake thelathini na wanne, wameketi sakafuni kwenye vumbi, kila mmoja na sindano yake ya shazia na uzi wa katani, wakiziba matobo ya magunia yaliyowahi kubeba mahindi. Nyapara wao, Nyongesa, aliwafungia kwa nje kutoka saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni, asije mtu akatoka na gunia chini ya rinda. Siku moja mwezi wa Januari, saa saba mchana, mwenzao Milcah alibanwa na kifua. Walipiga mlango kwa mikono, halafu kwa viatu, halafu kwa jiwe. Nyongesa alikuwa amekwenda kula na ufunguo wa kufuli ulikuwa mfukoni mwake. Alirudi saa tisa. Karatasi iliyopelekwa ofisini ilisema Milcah alifia nyumbani kwake.

Mwenye godauni alikuwa mtu mkubwa. Watu hawakumtaja jina. Walisema “Mheshimiwa” tu, na hata hilo walilisema wakiangalia mlango. Mwaka ule watu waliangalia mlango sana.

“Mwalimu wetu wa lile somo dogo anataka kila mwanafunzi alete habari ya mahali anapopajua,” Wamalwa alisema. “Mimi napajua hapa. Lakini nikionekana nauliza wanawake wa godauni maswali, nyapara atajua kabla sijafika kituo cha basi.”

“Basi asiulize mwanamume,” Achola alisema, akanitazama. “Huyu hata akikaa na sisi mwaka mzima, nani atajua yupo?”

Ndivyo nilivyopata kazi hiyo. Kabla hajaondoka, Wamalwa alinisomea maelezo yake ya darasani mchana kutwa, akiyageuza kwa Kiswahili, nami nikiambua maharagwe. Kisha akanipa sheria moja. “Usiandike jina la mtu. Hata herufi ya kwanza. Andika maneno yalivyotoka mdomoni, basi. Nitakuja kulichukua daftari mwezi wa nane.”

Nilichukua daftari la jalada la buluu dukani. Juu ya jalada palikuwa na mstari wa jina. Sikuandika jina la mtu, lakini ule mstari mtupu ulinisumbua. Shuleni kwetu daftari lisilo na jina lilikuwa na viboko vyake viwili, na mkono wangu ulikuwa bado unavikumbuka. Siku ya pili nilishindwa. Nikaandika kwa herufi kubwa, nilivyolisikia: KAZI YA MAINA.

Jumapili baada ya kanisa wanawake walikuja mmoja mmoja chumbani kwangu, kana kwamba wanaazima ungo. Jumla walikuja kumi na mmoja. Walisema nikaandika. Mmoja alisema jinsi alivyoshika miguu ya Milcah ikawa inapoa mkononi mwake. Mwingine alisema Nyongesa alipofungua mlango, neno lake la kwanza lilikuwa, “Nani ameharibu mlango?” Truphosa alisema yeye ndiye aliyemfumba Milcah macho, akaendelea kushona mpaka saa kumi kwa sababu hawakuruhusiwa kuondoka.

Lile daftari likawa mtu. Wakikutana bombani walikuwa wakiulizana, “Maina amekula leo?” Au, “Maina yuko nyumbani? Nina maneno yake.” Truphosa alipenda kusema kwamba katika maisha yake hajaona mwanamume kama Maina, anayesikiliza mpaka mwisho na habishi. Majirani wengine walianza kunitazama kwa jicho la pembeni. Mke wa Maina wa bucha mwenyewe alinitania siku moja nikinunua mifupa: “Nabalayo, nasikia umepata Maina wako. Huyu wangu usimguse.” Maina alicheka akaniongezea kipande cha mapafu. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kuimba nyimbo za kanisa akikata nyama. Niliona aibu nikakimbia.

Mwezi wa sita ilikuja barua kupitia sanduku la posta la duka. Ilikuwa ya Wamalwa, mistari minne. Lile somo dogo lilikuwa limeondolewa kwenye ratiba. Mwalimu wao hakuwa ameonekana tangu Jumatano, na chumba chake kilikuwa kimepigwa kufuli. Nichome kila kitu. Nisimwandikie. Lile neno alikuwa ameliandika kwa Kiingereza, minor, na nikaona herufi zake hazifanani hata kidogo na nilizoweka mimi kwenye jalada.

Niliichoma barua. Daftari sikulichoma. Nililitia mfukoni mwa koti la baba la reli, lililoning’inia ukutani, nikajiambia nitalichoma kesho. Kulikuwa na Milcah ndani yake, na mahali pengine popote alikuwa amefia nyumbani.

Wiki iliyofuata Nyongesa alimtukana Truphosa mbele ya wenzake. Alimwita gunia kuukuu, akamwambia akishindwa na sindano aende akafe kama yule mwingine. Truphosa alisimama. Wote waliokuwepo walinieleza kwamba alisimama polepole sana, akajipangusa vumbi.

“Ngoja tu,” alisema. “Maina anajua yote.”

Mikono ya kina mama thelathini na watatu ilisimama. Nyongesa akauliza kwa upole, “Maina gani?”

Hakuwatukana tena siku ile. Alitoka, akafunga komeo, na hatua zake zikaenda upande wa kwenye simu.

Jumatatu asubuhi Peugeot nyeupe ilisimama mbele ya bucha. Niliiona nikienda kazini. Wanaume wawili waliingia kama wanunuzi, wakamngoja Maina amalize kumkatia mzee mmoja mbavu za mbuzi, wakamwomba waongee naye kidogo. Alitoka na aproni yake. Alidhani ni mambo ya leseni. Nilimsikia akimwambia mkewe, “Usifunge, narudi sasa hivi.”

Hakurudi siku ile, wala Jumanne.

Watu walisema yuko kwenye nyumba fulani upande wa juu wa mji, nyumba isiyo na kibao, yenye maua mlangoni. Mkewe alipeleka chakula kila asubuhi. Jumanne sufuria ilirudi tupu. Jumatano ilirudi kama ilivyokwenda, ugali umekauka juu. Alhamisi vivyo hivyo. Alipita mbele ya mlango wangu akiwa ameishika kwa mikono miwili, na mfuniko ulikuwa ukigongagonga.

Jioni hiyo Achola na Truphosa walikuja chumbani kwangu. Truphosa alikaa chini, hakutaka kiti.

“Wanamwuliza amesikia nini na amemwambia nani,” Achola alisema. “Na yeye hajui kitu. Mtu asiyejua atasema nini?”

“Atasema chochote,” Truphosa alisema. “Au hatasema, ndiyo mbaya zaidi. Ni ulimi wangu huu. Nitakwenda mimi.”

“Uende useme nini, mama? Kwamba Maina si mtu? Watakuuliza basi ni nini. Utasema ni daftari. Watauliza la nani. Utasema ni somo la chuo kikuu. Hapo umemleta kaka yake huyu. Na baada yake watataka kujua waliosema ni kina nani. Umetuleta sote.”

“Kwa hivyo mtu afe kwa sababu ameitwa Maina?”

Achola aligeuka. Alinitazama mimi. “Nabalayo, hilo daftari umelichoma?”

Nilitazama koti la baba ukutani, na akajua.

Ijumaa asubuhi nilifungua duka, nikafagia mahali pamoja mara tatu. Bhagwanti alikuwa akipanga kalamu. Alikuwa mjane, na wanawe wawili walikuwa wamekwisha kwenda Uingereza. Alinitazama muda mrefu.

“Veve iko gonjwa?”

“Hapana, mama.”

“Iko ogopa.” Alifunga boksi la kalamu. “Sikiliza. Mimi nakaa hii inchi miaka arobaini. Mtu nakuja nauliza jina, toa jina yako kama lazima. Ya mtu ingine hapana toa. Jina ya mtu ingine hapana mali yako.”

Hakujua lolote, au alijua yote. Sijapata kujua. Nilimwomba ruhusa ya saa moja. Aliniambia nivae sweta, kuna baridi.

Nilikwenda nyumbani, nikatoa daftari kwenye koti la baba. Nilichana kurasa moja moja nikazitia jikoni. Kila moja niliisoma kwanza kwa sauti ya chini, mara mbili. Nilipomaliza zilikuwa majivu, na nilikuwa nazo zote kichwani, miguu iliyopoa, na jiwe mlangoni, na “Nani ameharibu mlango?” Jalada sikulichoma. Nililikunja mara mbili nikalitia kifuani.

Njiani nilisalimiwa na watu watatu, na sikuweza kuwaitikia kwa sauti. Nilifikiri, nikifika kwenye ile nyumba ya maua sauti isipotoka, nitafanya nini? Maua ya mlangoni yalikuwa mekundu, yamemwagiliwa maji asubuhi ile. Askari wa mlangoni aliniuliza nimeleta chakula cha nani.

“Nimemleta Maina,” nilisema.

Walinipeleka katika chumba chenye meza moja na viti viwili. Aproni ya Maina ilikuwa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Damu iliyokuwa juu yake ilikuwa ya mbuzi, ya Jumatatu. Nilijiambia hivyo, ni ya mbuzi, ya Jumatatu.

Bwana mmoja aliingia, mwembamba, mwenye miwani na suti ya kijivu. Aliongea polepole kama mwalimu.

“Kaa, msichana. Nimeambiwa una habari za Maina.”

“Maina ni mimi.”

Hakucheka. Alichukua penseli, akaanza kuichonga kwa wembe. “Maina ni mwanamume.”

“Nani alimwona?”

“Unaniuliza maswali?”

“Hapana, mzee. Nasema hakuna aliyemwona. Ni jina nililojipa.” Nilitoa jalada, nikalikunjua juu ya meza. “Nilikuwa naandika maneno ya kina mama wa godauni. Niliona aibu kuandika kwa jina langu. Nikaweka la mwanamume.”

Alinitazama. Nadhani aliona jinsi shingo yangu ilivyokuwa ya moto, na kwamba sikuweza kuinua macho kutoka kwenye meza. Hilo sikulazimika kuigiza. Alinisukumia karatasi na ile penseli. “Andika hayo hayo.”

Niliandika KAZI YA MAINA. Aliichukua tena penseli, akaweka jalada kando ya karatasi. M yangu ina mkia kushoto, mwalimu wangu alishindwa kuiponya. Bwana yule alizilinganisha M mbili kwa ncha ya kidole.

“Kurasa ziko wapi?”

“Nimezichoma.”

“Waliosema ni kina nani?”

“Sikuandika majina.”

“Sikuuliza kama uliandika.”

Alingoja. Saa ya ukutani ilipiga kelele peke yake. Alipoona sisemi, alibadilisha njia.

“Umesoma mpaka wapi?”

“Darasa la tano.”

“Na msichana wa darasa la tano ameamka asubuhi moja, akaamua kukusanya mashtaka dhidi ya watu wakubwa. Nani alikufundisha?”

“Hakuna.”

“Haya, nifundishe mimi. Kina mama walisema nini? Haki, sivyo? Niambie basi, hiyo haki ya binadamu ni nini?”

Nilikumbuka maharagwe, na sauti ya Wamalwa akigeuza maneno magumu. Nilijua majibu yake yote. Lakini ningesema maneno ya chuo, huyu bwana angesikia chuo.

“Ni mtu asifungiwe mlango kwa nje,” nilisema.

“Nani amekwambia hivyo?”

“Milcah.”

“Milcah ni nani?”

“Alifia ndani ya godauni saa saba mchana. Imeandikwa alifia nyumbani.”

Penseli yake ilisimama juu ya karatasi.

“Nyingine,” alisema.

“Mtu akifa, pasemwe alipofia.”

“Nyingine.”

“Mtu asishikwe kwa kosa la jina.” Nilionyesha aproni kwenye msumari. “Yule baba wa bucha hajui kitu. Hata ukimweka mwaka. Yeye ameitwa Maina tu na wazazi wake.”

Aliita kwa sauti, na mtu akaja mlangoni. Aliongea naye kwa Kiingereza. Yule mtu aliichukua aproni kwenye msumari. Baada ya kitambo nilisikia hatua kwenye ukumbi, nzito, zenye kuburuta mguu mmoja. Dirisha lilikuwa upande wangu. Nilimwona Maina akishuka ngazi, akishikilia ukuta, aproni ikiwa mkononi kama kitu asichokijua matumizi yake. Alipofika langoni alisimama. Nadhani alikuwa akingoja mtu amwambie aendelee. Kisha akatoka.

Niliinamisha kichwa, nikavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

“Una ndugu?” bwana yule aliuliza.

“Ninaye mmoja.”

“Anafanya nini?”

“Anasoma Nairobi. Sheria.”

“Sheria.” Aliiandika. “Na nini tena? Huko chuoni hawasomi kitu kimoja. Wana kile kikubwa, na wana kile kingine cha kando.”

“Sijui, mzee. Mimi niliishia darasa la tano.”

“Ndiyo. Umesema.”

Alilivuta jalada langu karibu. Alilitazama kwa muda mrefu. Midomo yake ilianza kutembea, bila sauti kwanza, kama mtoto anayejifunza kusoma. Kisha nikamsikia.

“Maina,” alisema. Akalisema tena, polepole zaidi, akivuta mwisho wake. “Mai-na.”

Nilikaza macho kwenye meza. Sijui kama alilipata. Mpaka leo sijui, na nimelifikiri neno hilo kuliko neno lolote jingine. Aliitoa miwani, akaifuta kwa tai yake, akairudisha. Uso wake haukuonyesha kitu. Aligeuza karatasi upande mweupe, akaiweka penseli iliyochongwa vizuri katikati yetu.

Nilifikiri juu ya Wamalwa, na juu ya wanawake kumi na mmoja, kila mmoja na ungo wake. Majina yao yote yalikuwa ndani yangu, na hayakuwa mali yangu. Maisha yangu yote watu walikuwa wamenisema kwa kunyamaza kwangu, mama, walimu, hata Achola. Nilikunja mikono mapajani. Jambo moja nililijua vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa katika kiti kile, na sikulisomea chuo.

“Haya, Maina,” bwana yule alisema kwa upole. “Tuanze mwanzo.”

Nyuma yangu, mtu alisukuma komeo kwa nje.